Meta: Mwenye WhatsApp ni Nani, Anaishi kwa Nini, na Nani Anayelipa

Kundi la ukoo wetu kwenye WhatsApp lina watu 73. Wako Maskati, Dubai, Unguja, Tanga, Birmingham, na mmoja yuko Toronto. Mimi ndiye karani wao, kazi niliyopewa bila ya kuiomba: nani kazaliwa, nani kaoa, nani katutangulia mbele ya haki, yote nayaandika. Mwezi uliopita mpwa wangu mmoja aliuliza kundini, "Hivi hii WhatsApp ni ya nani, na mbona hatulipi kitu?" Majibu yalikuja mengi. Mmoja alisema ni ya serikali ya Marekani, mwengine akasema ni ya Google, na kijana mmoja akatuma picha ya paka. Nikaona si vyema watu 73 wapitishe harusi na misiba yao ndani ya nyumba wasiyoijua mwenyewe.

Nijieleze kidogo, ili msomaji ajue anamsoma nani. Baba yangu alikuwa na duka Korogwe, na skuli iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni, basi akanipeleka kwa mapadri. Huko nilifunzwa hati nzuri na hesabu za daftari, na nikafunzwa kwamba kila shilingi iliyoingia ina mahali ilipotoka. Mwaka 1976 nilikuja Oman, nikaajiriwa masijala katika ofisi ya mambo ya meli, na huko nilibaki mpaka nikastaafu. Kompyuta nilizikuta ukubwani. Kwa hiyo haya si maneno ya fundi. Ni ya mtu aliyezoea kuuliza stakabadhi iko wapi.

Mwenye nyumba

WhatsApp ni mali ya kampuni ya Kimarekani iitwayo Meta, yenye makao makuu Menlo Park, California. Kampuni hiyo ndiyo ile ile Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Zuckerberg pamoja na wenzake alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Jina la kampuni lilibadilishwa kuwa Meta Oktoba 2021, lakini mtandao wenyewe wa Facebook umebaki na jina lake. Mwaka 2012 walinunua Instagram kwa dola bilioni 1, na mwaka huo huo hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwa umma. Lakini mwenye kununua hisa asidhani amenunua sauti. Zuckerberg anashika hisa za daraja la pekee, ambazo kila moja ina kura kumi, na kwa njia hiyo yeye peke yake ana kura nyingi kuliko wenye hisa wengine wote wakijumlishwa.

WhatsApp yenyewe haikuzaliwa kwao. Waliianzisha mwaka 2009 Jan Koum, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani akiwa kijana, na Brian Acton. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi Yahoo na wote wawili hawakupenda matangazo ya biashara. Walitaka mtumiaji alipe dola moja kwa mwaka, basi. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19, wakati ina wafanyakazi kama 55 tu na watumiaji milioni 450. Ile dola moja ikafutwa mwaka 2016. Acton aliondoka mwaka 2017 na Koum mwaka uliofuata. Acton baadaye akatoa dola milioni 50 kusaidia kuanzisha taasisi inayoendesha Signal, programu nyengine ya kutumiana ujumbe. Ni kama mtu aliyeuza duka lake kisha akaenda kufungua jengine ng'ambo ya barabara.

Leo Facebook, Instagram, WhatsApp na Messenger kwa pamoja zinatumiwa na zaidi ya watu bilioni 3 kila siku.

Fedha zinatoka wapi

Mwaka 2024 kampuni iliingiza dola bilioni 164.5. Katika hizo, bilioni 160.6 zilitoka kwenye matangazo ya biashara. Msomaji akigawanya ataona ni karibu dola 98 katika kila dola 100. Miwani na vyombo vya ile "dunia ya kubuni" ambayo jina Meta lilikusudia kuitangaza vilikula hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 mwaka huo huo, na hasara hiyo ililipwa na matangazo.

Tangazo la zamani tulilijua. Mwenye duka alikwenda gazetini, akalipia nafasi, na likasomwa na kila mtu, hata asiyelihitaji. Hili la Meta ni jengine. Mwenye duka la dhahabu wa Matrah anaweza kusema: nionyeshe wanawake wa Maskati wenye umri kati ya miaka 25 na 40 ambao siku hizi wanaangalia mambo ya harusi. Kila mtu anapofungua Facebook au Instagram, mnada unapigwa ndani ya kufumba na kufumbua, na anayeshinda ndiye anayeonekana. Kampuni haimpi mwenye duka jina lako. Inamkodisha macho yako. Ili ijue macho hayo yanapenda nini, hukusanya unachobonyeza, unachokitazama muda mrefu, na hata unayoyafanya kwenye tovuti za watu wengine ambao wameweka ndani ya kurasa zao kipande cha programu cha kuipelekea Meta habari.

Hapo ndipo watu huniuliza: je, wanasoma ujumbe wetu wa WhatsApp? Jibu ni kwamba maneno yenyewe hawayasomi. Tangu Aprili 2016 ujumbe hufungwa kwenye simu ya anayetuma na hufunguliwa kwenye simu ya anayepokea tu, na aliye katikati, hata kampuni yenyewe, haoni ila fumbo. Yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, nakala za akiba zinazowekwa Google au Apple hazina ulinzi huo mpaka mwenye simu mwenyewe auwashe. Nafasi hiyo imekuwapo tangu 2021. Pili, mtu akimshitaki mwenziwe kwa kubonyeza pale pa kuripoti, ujumbe mitano ya mwisho iliyotoka kwa mshitakiwa hupelekwa kwa wakaguzi wa kampuni, nao husoma.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo mimi nalijua kwa kazi yangu kuliko kwa kompyuta. Masijala tulikuwa na daftari la barua zitokazo. Tarehe, kwa nani, kutoka kwa nani, jalada namba ngapi. Barua za siri zilikuja zimeshafungwa kwa nta na sikuzifungua hata moja. Hata hivyo nilijua mkubwa gani anagombana na nani, nani yuko karibu kuacha kazi, na mkataba gani umeharibika, kwa kuangalia tu nani anamwandikia nani na mara ngapi kwa wiki. WhatsApp inalo daftari la namna hiyo: namba yako, watu walio kwenye orodha yako ya simu, makundi uliyomo, aina ya simu yako, na saa unazoitumia. Barua imefungwa, daftari liko wazi mbele ya karani. Juni 2025 kampuni ilitangaza kwamba matangazo ya biashara sasa yataonekana ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye ukurasa wa habari mpya na siyo ndani ya mazungumzo. Waliosema hawapendi matangazo walikuwa wameshaondoka zamani.

Chini ya bahari

Watu wengi hudhani haya yote yako angani. Yako ardhini na baharini. Meta ina vituo vikubwa vya data Marekani kwenyewe, Ireland, Denmark, na Luleå kaskazini mwa Sweden, mahali palipochaguliwa kwa sababu baridi ya kule hupoza mashine. Dublin ndiyo makao yake ya Ulaya, na Dubai ina ofisi tangu 2012 kwa ajili ya eneo letu hili.

Mwaka 2020 kampuni na wenziwe saba, wakiwemo MTN, Orange, Vodafone na stc ya Saudia, walitangaza mkongo wa baharini uitwao 2Africa, unaolizunguka bara zima la Afrika. Mwaka uliofuata wakaongeza tawi la Ghuba, wakaliita Pearls, ndiyo kusema lulu, jina ambalo wazee wa Bahrain na Kuwait wasingehitaji kuelezwa. Wote kwa jumla ni kilomita 45,000, mrefu kuliko mzingo wa dunia. Unagusa Kenya na Tanzania, na kwa Oman unashuka Salalah na Barka.

Njia hii si ngeni. Mkongo wa kwanza wa simu za maandishi ulifika Unguja mwaka 1879, enzi ya Sayyid Barghash, ukitokea Aden, na ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Nao uliwekwa na kampuni ya kigeni, Eastern and South African Telegraph ya Uingereza. Tofauti ni kwamba zama zile kila neno lilikuwa na bei yake, na mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuandika. Nisiendelee, nisije nikaambiwa nimeanza ya wazee.

Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2021 ulionyesha maana ya watu wote kukaa katika nyumba moja. Kiasi cha saa mbili kasoro dakika ishirini kwa saa za Maskati, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa pamoja, kwa muda wa saa kama sita. Hakukuwa na adui. Katika matengenezo ya kawaida, amri moja iliyotolewa kimakosa ilikata njia kuu zinazounganisha vituo vya data vya kampuni, na programu iliyowekwa kukagua amri za hatari ilikuwa na kasoro, haikuizuia. Seva zinazoieleza dunia anuani za kampuni zilipojiona zimetengwa zikajiondoa zenyewe, na ikawa kama posta imefuta jina la mtaa mzima. Wafanyakazi waliokwenda kutengeneza walipata taabu kwa sababu vyombo vyao vya kazi navyo vilitegemea mtandao ule ule uliokufa. Kwa mwenye mtandao mwengine ilikuwa usumbufu. Kwa muuza samaki au mshonaji ambaye wateja wake wote wako kwenye WhatsApp, usiku ule duka lilikuwa limefungwa na ufunguo uko California.

Wasomaji wa Nairobi

Sasa nifike mahali palipoufanya moyo wangu uwe mzito nilipokuwa nikitafuta habari hizi.

Yale yanayowekwa hadharani kwenye Facebook, tofauti na ujumbe wa WhatsApp uliofungwa, lazima yachujwe. Mashine huchuja sehemu, na yanayobaki huangaliwa na binadamu. Mwaka 2019 kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilipelekwa Nairobi, kwa mkataba na kampuni ya Sama, ambayo nayo asili yake ni California. Vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwengineko waliajiriwa kwa ajili ya lugha zao: Kiamhari, Kisomali, Kizulu, na Kiswahili chetu. Kazi ilikuwa kuketi mbele ya kioo na kutazama watu wakichinjwa, wakiteswa, watoto wakidhulumiwa, mmoja baada ya mwengine, na kwa kila kimoja kuamua kwa haraka kibaki au kiondolewe. Februari 2022 jarida la TIME la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walikuwa wakipata kiasi cha dola moja na nusu kwa saa.

Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alijaribu kuwakusanya wenziwe wadai haki zao akaachishwa kazi. Mei 2022 aliwashitaki Meta na Sama katika mahakama ya Nairobi. Mapema 2023 Sama ikatangaza kuacha kazi hiyo, na wachujaji zaidi ya 180 wakaenda mahakamani kulalamika kwamba wamefutwa isivyo halali. Meta ilijitetea kwamba si mwajiri wao na kwamba haina makazi Kenya, kwa hivyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mahakama ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa tena. Desemba mwaka huo yaliwekwa mahakamani maelezo ya daktari kwamba wachujaji zaidi ya 140 wamekutwa na maradhi mazito ya akili yanayompata mtu aliyeona mambo ya kutisha, yale ambayo askari hurudi nayo kutoka vitani. Kwa uadilifu niseme pia kwamba Meta inaeleza kuwa huwataka wakandarasi wake watoe ushauri nasaha na malipo yaliyo juu ya kiwango cha kawaida, na mkuu wa Sama baadaye alisema anajuta kuichukua kazi ile.

Katika miaka yangu yote masijala nilifungua bahasha moja tu ambayo sikuiweza. Ilikuwa ya ajali ya baharini, na ndani mlikuwa na picha za mabaharia wawili baada ya kutolewa majini. Nilizigonga mhuri, nikaziweka kwenye jalada lake, nikamaliza siku. Wake zangu wa jirani wangeweza kukuambieni kwamba wiki ile sikuonekana barazani. Picha mbili. Na mpaka leo, zaidi ya miaka thelathini, nawajua kwa nguo zao. Vijana hawa walikuwa wakifungua bahasha kama ile mamia kwa siku, ili mimi nikifungua Facebook nione mjukuu wa fulani kahitimu.

Na pale wachujaji walipopungua, yaliyotokea ni mabaya zaidi. Myanmar, kuanzia Agosti 2017, zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa mwaka 2018 walieleza kwamba Facebook ilikuwa chombo cha kueneza chuki dhidi yao. Kampuni yenyewe mwaka huo ilikiri kwamba haikufanya ya kutosha. Wasomaji wa Kiburma waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikuwa wachache mno. Ethiopia, Novemba 2021, profesa wa kemia Meareg Amare aliuawa nje ya nyumba yake Bahir Dar baada ya jina lake kutupwa Facebook pamoja na uchochezi. Mwanawe anasema aliripoti na hakujibiwa kwa wakati. Kesi yake iko Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema itaisikiliza. Sisi wa Kiswahili tuna bahati kwamba lugha yetu ina wasemaji wengi, lakini wingi wa wasemaji si wingi wa wachujaji.

Serikali na sheria

Marekani iliitoza kampuni dola bilioni 5 mwaka 2019, baada ya kashfa ya Cambridge Analytica ambamo habari za watu hadi milioni 87 zilitumika vibaya. Ireland, kwa niaba ya Ulaya, iliitoza yuro bilioni 1.2 Mei 2023 kwa kupeleka habari za Wazungu Marekani. Nigeria iliitoza dola milioni 220 Julai 2024 kwa jambo la WhatsApp. Linganisha na mapato niliyoyataja juu, utaona faini inauma kiasi gani.

Kwa huku kwetu: Oman ina sheria ya kulinda habari binafsi, Amri ya Sultani namba 6 ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Februari 2023. Imarati waliitoa yao 2021, Kenya 2019, Tanzania 2022. Na kwa wale ambao kwa miaka wameilaumu WhatsApp, au simu zao, kwamba ujumbe unapita lakini sauti haipiti wakiwa Imarati au Oman: mara nyingi si kosa la simu. Upigaji wa simu kwa njia ya intaneti umewekewa mipaka na mamlaka za mawasiliano za nchi hizi, ambazo hutaka huduma hiyo itolewe kwa leseni.

Sijajitoa kwenye kundi, na sina nia. Mwezi wa tano niliona nikahi ya Unguja nimekaa Al Khuwair, na shangazi yangu wa miaka 91 alipaza vigelegele mpaka simu ikaanguka. Ila nimefanya mambo mawili. Nimemwomba kila mtu awashe ile namba ya siri ya pili kwenye mipangilio, tarakimu sita. Na nimeandika daftari la karatasi: majina 73, namba za simu za kawaida, na anuani za posta, kwa hati ya mapadri. Lina kurasa 11 na nakala tatu, moja kwangu Maskati, moja Unguja, moja Birmingham. Wa Toronto bado hajaniletea anuani yake ya posta. Anasema nimuulize kwa WhatsApp.